MTOTO ASIYEKUWAPO DARASANI

Katika mazungumzo haya twataka kuwaelezeni habari za daftari moja ambalo kila shule inalo, yaani daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita majina. Mtoto aliyekuja hutiwa alama yake, na asiyekuja hutiwa alama nyingine. Watu wengi hudhani kazi ya daftari hili ni kuhesabu tu, ili mkaguzi akija ajue shule ina watoto wangapi. Sisi twasema kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Mtu akilisoma taratibu, kama tabibu asomavyo karatasi ya homa ya mgonjwa wake, ataona ndani yake hali ya kijiji kizima: maji yake, chakula chake, mila zake, maradhi yake, na hata hofu yake.

Tumechagua kulisoma daftari hilo katika nchi ya Masasi na Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na mto Ruvuma. Wasomaji wa mahali pengine wasiweke kijitabu chini, maana mengi tutakayoyasema yako na kwao pia. Lakini jambo la shule halielezeki vizuri hewani. Lataka kuelezwa pamoja na njia, na kisima, na majira ya mvua ya mahali fulani.

Kwanza habari kidogo za zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kikundi cha watu waliokombolewa utumwani, akafika nao Masasi, wakajenga kijiji chenye kanisa na shule chini ya yale majabali makubwa. Watu wale walikuwa wa makabila mbalimbali. Wengi walitekwa wakiwa wadogo, hata hawakujua tena ukoo wao ni upi wala kwao ni wapi. Mwaka 1882 Magwangwara walikishambulia kijiji, wakaua na kuteka watu, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda, kisha ikarudi. Twakumbusha habari hii kwa sababu moja: shule ya zamani ya nchi hii haikuanza na watoto wa majumbe, wala na wale waliokuwa na baba wa kuwasemea. Ilianza na watu wasio na mtu. Basi mzee wa leo akisema kwamba shule ni ya watoto wazima tu wenye kwao, yafaa akumbushwe.

Sasa tuje kwenye daftari, na tuanze na maji.

Newala iko juu, penye ukingo wa uwanda wa Makonde. Aliyesimama pale panapoitwa Shimo la Mungu ameona jinsi nchi inavyoporomoka ghafla hata bondeni. Huko juu udongo ni mchanga mwingi. Mvua ikinyesha maji hunywewa na ardhi, huteremka chini kwa chini, na kutokea kama chemchemi kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana juu hakuna mito. Husemwa kwamba watu walichagua kukaa juu, katika vichaka vizito, kwa ajili ya kujificha na vita na wakamata watumwa. Usalama walioupata waliulipia kwa maji. Kila ndoo ilishushwa tupu na kupandishwa imejaa, kichwani mwa mwanamke au mtoto. Katika miaka ya 1950 ilianzishwa kazi ya kusukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni mpaka juu, na tangu miaka ya 1970 nchi ya Finland ilisaidia sana maji ya Mtwara na Lindi. Hayo yalipunguza taabu, walakini hayakuimaliza. Mtambo ukiharibika, au bomba likikauka, ndoo hurudi kichwani. Na aghalabu kichwa hicho ni cha msichana.

Tumfikirie msichana mmoja wa darasa la nne. Hatumtaji jina, kwa kuwa tumemtunga, lakini wasomaji wengi watamjua. Huamka alfajiri, akashika ndoo, akaenda foleni ya maji. Akirudi amechelewa. Huvaa sare mbiombio, hapati hata kikombe cha uji, akakimbia shuleni. Langoni anamkuta mwalimu wa zamu na fimbo. Anachapwa pamoja na wachelewaji wengine, kisha anaingia darasani huku somo la hesabu limefika katikati. Siku ya pili ni vivyo hivyo. Siku ya tatu, akiona jua limepanda, hukata shauri ambalo mtu mzima yeyote mwenye akili angelikata: haendi kabisa. Mtoto aliyechelewa huchapwa. Mtoto asiyekuja hachapwi leo. Katika daftari ataandikwa mtoro. Mwalimu atasema hapendi shule, na mzazi atasema mtoto huyu kichwa chake kizito. Na kumbe chanzo cha yote ni foleni ya maji.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya fimbo, ingawa twajua wako watakaokasirika. Kanuni za serikali za mwaka 2002 hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Zilisema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kipigwe na mwalimu mkuu au mtu aliyempa ruhusa kwa maandishi, kisizidi mara 4, na kila mara kiandikwe katika kitabu. Na msichana achapwe na mwalimu mwanamke, isipokuwa kama hakuna mwanamke shuleni. Tukitazama kanuni hiyo pamoja na ile safu ya watoto langoni, twaona wazi kwamba mambo mawili haya hayafanani. Tena tuache sheria kando kidogo tuulize faida. Mtoto anayeogopa hutumia akili yake yote kumlinda mwilini. Haibaki ya kugawanya sehemu za hesabu. Anayeulizwa swali huku amenyoshewa fimbo hajibu analolijua, bali hujibu lile analodhani litamwokoa. Wazee husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wengine hutumia maneno hayo kutetea kiboko. Sisi twadhani yanaweza kutumika vizuri zaidi upande wa pili.

Walimu wengine wamefanya hivi: mchelewaji huulizwa kwanza sababu, sababu ikaandikwa kando ya jina lake. Baada ya mwezi mmoja mwalimu mkuu husoma zile sababu. Akiona neno “maji” mara nyingi, hujua kwamba hana watoro ishirini, ana shida moja. Na shida moja yaweza kupelekwa kwenye kamati ya shule na serikali ya kijiji.

Dawa mojawapo iko juu ya vichwa vyetu, yaani bati la shule. Watu wa Newala tangu zamani huchimba visima vya saruji kando ya nyumba ili kukinga mvua, basi si jambo geni. Tufanye hesabu, na ninyi wanafunzi mshike kalamu. Jengo la madarasa mawili lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina paa la mita za mraba 160. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1. Basi mvua moja nzuri ya milimita 10 hutoa lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita ishirini. Katika mwaka wa mvua ya milimita 900 paa hilo litapokea lita 144,000. Hata robo yake ikipotea kwa kumwagika, zitabaki lita 108,000. Mlizamu, bomba na kisima chenye mfuniko hugharimu fedha, hatukatai; lakini katika kijiji chenye mikorosho kazi hiyo haishindikani mwaka ambao bei si mbaya sana. Mtoto akijua kwamba atapata maji ya kunywa na kunawa shuleni, na kuna mapatano kwamba wakati wa kiangazi hatapigwa kwa kuchelewa foleni, atakuja.

Maji ya kunawa si anasa. Uko ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengi huuita vikope. Huletwa na vijidudu vinavyopelekwa kwa mikono, kwa nguo za kupangusia uso, na kwa inzi wanaotua machoni mwa watoto wenye nyuso chafu. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho mpaka likapofuka. Kunawa uso kila siku ni sehemu ya kinga yake, na uso waweza kunawiwa kwa maji ya kikombe kimoja. Kibuyu au kidumu kilichotobolewa na kutundikwa kwenye mti, na kipande cha sabuni kando, chatosha.

Na wako wasichana wakubwa wa darasa la sita na la saba. Kwa hawa maji na choo chenye mlango ni jambo la kuwapo au kutokuwapo. Msichana aliye katika siku zake, ambaye shule yake haina mahali pa faragha wala maji, hukaa nyumbani siku tatu, nne, hata tano. Tukikadiria siku 4 kila mwezi kwa miezi 10 ya shule, ni siku 40. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Basi msichana huyo hupoteza zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano ya mwaka, kisha twashangaa kwa nini kaka yake amemshinda katika mtihani. Wanaume wa kamati wasione haya kulizungumza jambo hili. Kama waona haya, wawape kina mama wa kamati nafasi walizungumze, na wao waidhinishe fedha za mlango.

Jambo la pili ambalo daftari litatuonyesha ni njaa. Kuanzia Januari mpaka Machi, mazao ya mwaka uliopita yamekwisha, na mapya bado yako shambani. Ndiyo miezi mtoto hulala juu ya dawati saa nne asubuhi. Mwalimu mgeni humdhania mvivu; mwalimu mwenyeji hujua. Tena kuna msimu wa korosho, tangu Septemba au Oktoba hata mwisho wa mwaka, ambapo watoto huokota korosho mashambani, wengine kwa wazazi wao, wengine kwa malipo ya kibarua. Haya si mambo ya kulaumu tu. Nyumba isiyo na chakula itamtuma mtoto kutafuta chakula. Walakini fedha zile za Novemba zingeliweza kulisha watoto wa Februari, kama zingelitengwa mapema.

Shule nyingi hupika uji wa mahindi kwa michango ya wazazi, debe la mahindi au fedha. Hili ni jema sana, na tangu uji uanze kupikwa mahudhurio hupanda; walimu karibu wote watakuambia. Lakini uji huo huo waweza kuwa adhabu. Maana mahali pengine mtoto ambaye mzazi wake hajachanga haruhusiwi kupanga foleni. Hukaa chini ya mwembe akitazama wenzake wakinywa. Tunawaombeni wazazi mfikiri juu ya mtoto huyo kwa dakika moja. Hakukosa yeye. Yeye ndiye mwenye njaa kuliko wote, maana nyumba iliyokosa mchango aghalabu ndiyo iliyokosa chakula. Na darasa zima linalomtazama lajifunza jambo pale chini ya mwembe ambalo hakuna mwalimu aliyelipanga: kwamba umaskini wa baba ni kosa la mtoto. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na michango haiwi sharti la mtoto kusoma. Kwa hiyo kamati zenye busara hupanga namna nyingine. Asiye na mahindi huleta kuni, au huteka maji ya jiko, au hupika zamu yake, au hupalilia shamba la shule. Bibi mzee anayelea wajukuu yatima asiyeweza hata hayo husamehewa kimya kimya, bila kutangazwa mkutanoni. Na mwenye kugawa uji haambiwi ni nani aliyesamehewa.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wageni hulisema vibaya na wenyeji hawapendi lisemwe: jando na unyago. Katika nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto asiyepitia huko huhesabiwa kuwa bado. Hatusemi mila hizi ziachwe. Hata misheni ya Masasi, tangu siku za Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, haikuzifuta. Ilitafuta njia ya kuzifanya zikubaliane na dini. Kama watu wa dini waliweza kukaa chini na wazee wa jando, bila shaka kamati ya shule yaweza pia.

Shida iko katika mambo mawili. La kwanza ni majira. Ngoma zikifunguliwa wakati masomo yanaendelea, daftari la darasa la tatu hujaa alama za kutokuwapo mfululizo, wiki baada ya wiki. Mtoto akirudi, wenzake wamekwisha kuvuka kitabu, naye hawezi kuwafikia. Viongozi wa mkoa wa Mtwara wameagiza mara kwa mara kwamba mambo haya yafanywe wakati wa likizo, mwezi wa Juni na Desemba. Agizo peke yake halitoshi, maana ngariba ana watu wengi na likizo ni fupi. Hapa ndipo mwalimu mkuu, ngariba na kungwi wanapaswa kukutana mwanzoni mwa mwaka, huku kalenda ya shule iko mezani, wapatane majina na tarehe. Tumesikia wazee wakisema hawakuwahi kuulizwa na shule hata siku moja. Walipewa amri tu. Mzee aliyeulizwa husaidia. Mzee aliyeamriwa hutafuta pori la mbali zaidi.

Jambo la pili ni mafundisho yenyewe, na hasa kwa wasichana. Zamani msichana aliingia unyago akiwa mkubwa, na baada yake aliolewa. Siku hizi wengine huingizwa wakiwa na miaka minane au tisa, wakaambiwa kwamba sasa wamekuwa wanawake. Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa ni mwanamke, na wavulana wakiambiwa hivyo, na hata wanaume wazima wakiamini hivyo, si ajabu jina lake likakatika daftarini kabla ya darasa la saba. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu imesema kwamba mtu amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari aweza kufungwa miaka 30. Na tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa ajili ya mimba aruhusiwe kurudi baada ya kujifungua. Kabla ya hapo alifukuzwa. Basi mzazi mwenye binti wa namna hiyo asiseme mambo yamekwisha. Ampeleke. Na akirudi, walimu wamlinde na ulimi wa wenzake, maana wengi walioruhusiwa kurudi hurudishwa nyumbani tena na kicheko.

Hata hapa tumesema habari za watoto wasiokuja. Lakini wako watoto wanaokuja kila siku, ambao daftari husema wapo, na hawapo.

Mmoja ni mtoto wa darasa la kwanza ambaye nyumbani kwao husemwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao peke yake. Mwalimu asema Kiswahili. Yeye huona midomo tu inacheza. Hunyamaza miezi mitatu. Asidhaniwe mjinga. Mwalimu asiyejua lugha ya mahali amweke karibu na mwenzake aijuaye zote mbili, na asiwakataze kunong'onezana. Kabla ya likizo ya Juni mtoto atakuwa akisema, na huenda mwalimu naye akawa amejifunza maneno mawili matatu.

Mwingine ni mtoto asiyeona vizuri. Huyu hajui kwamba haoni, maana hajawahi kuona namna nyingine. Hudhani watu wote huona ubao kama ukungu. Mwalimu aweza kumpima mwenyewe. Chora herufi E kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, urefu wake uwe chini kidogo ya sentimita 2. Mtoto asimame mbali mita 6 penye mwanga mzuri, azibe jicho moja kwa kiganja pasipo kulibonyeza, kisha aonyeshe kwa vidole vyake meno ya ile E yameelekea wapi, huku mwalimu akiigeuza juu, chini, kulia na kushoto. Kisha jicho la pili. Asiyeweza apelekwe hospitali. Huenda miwani tu ikamrudisha darasani. Na asikiaye kwa shida hujulikana hivi: huitikia akikutazama, lakini ukimwita kwa nyuma haitiki. Kabla ya kumwita mkaidi, mwite kwa nyuma.

Twataka kukaa zaidi kidogo kwa mtoto mwenye ualbino, kwa sababu mambo mengi ya uongo yamesemwa juu yake, na katika Tanzania uongo huo umekwisha kuua watu. Ualbino hauambukizi, wala si laana, wala si dalili kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Rangi ya ngozi, nywele na macho hutoka katika kitu kimoja ambacho mwili hukitengeneza. Baba na mama, wote wawili weusi, waweza kuwa kila mmoja amebeba mbegu iliyofichika ya kutotengeneza rangi hiyo. Mtoto akipata mbegu hiyo kwa wote wawili, huzaliwa na ualbino. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania yuko mmoja kwa kila watu 1,400 hivi. Wala haifai kumwita zeruzeru. Ni mtu mwenye ualbino, na bora zaidi ni kumwita jina lake.

Shida zake shuleni ni mbili. Ngozi yake haina kinga ya jua, huungua, na kuungua miaka mingi huleta saratani. Kwa hiyo avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule si hiyo, na siku ya kufyeka nyasi apewe kazi ya kivulini. Hapo hakuna upendeleo, kama vile hakuna upendeleo kumkataza mwenye kidonda mguuni asikimbie mbio. Shida ya pili ni macho. Karibu kila mwenye ualbino haoni mbali, na macho yake hucheza na kuumizwa na mwanga. Miwani humsaidia lakini haimponyi kabisa. Basi akae mbele, mgongo wake uelekee dirisha, ubao uandikwe kwa herufi kubwa, na aruhusiwe kusimama kuufuata ubao mpaka pua iguse. Wenzake watacheka siku ya kwanza. Mwalimu akieleza sababu, siku ya tatu hawacheki. Tumeona watoto wa namna hii waliohesabiwa kuwa wazito wa akili, na kumbe walikuwa wameketishwa dawati la nyuma kabisa.

Mwisho wako watoto ambao daftari haliwezi kutuambia lolote, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa kamwe. Yule asiyetembea. Yule kipofu. Yule kiziwi asiyesema. Yule mwenye kifafa, ambaye wazazi wanaogopa ataanguka mbele za watu. Wengine hufichwa, si kwa ukatili, bali kwa haya na huruma iliyopotea njia. Elimu ya watoto wasioona katika Tanzania ilianzishwa Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Na katika miaka ya 1960 shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ikaanza kuwafundisha vipofu pamoja na wenye kuona. Kipofu husoma kwa vidole, kwa nukta sita alizozipanga Mfaransa Louis Braille akiwa bado kijana. Kiziwi husema kwa Lugha ya Alama. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa wote haki ya kusoma. Lakini sheria iko mjini, na mtoto yuko nyuma ya nyumba ya baba yake, ameketi juu ya mkeka.

Mwenye kumjua ni balozi wa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo kamati isingoje wazazi waje kuandikisha Januari. Mwezi wa Novemba wajumbe wawili, mmoja mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba, wasiulize “Mna mtoto wa kwenda shule?” maana jibu litakuwa hapana. Waulize “Nyumba hii ina watoto wangapi?” wakawahesabu wote kwa macho yao. Wakimkuta asiyetembea, waulize ni nani wa jirani anayesoma darasa la tano au la sita, na kama kuna baiskeli, na kama mwalimu aweza kulihamishia darasa la kwanza kwenye chumba kisicho na ngazi. Fundi wa kijiji aweza kumimina mteremko wa saruji mlangoni kwa mfuko mmoja au miwili. Mwenye kifafa ana dawa zake hospitali. Walimu waelezwe tu kwamba akianguka alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kitu chochote kinywani, wala asiogopwe kuguswa.

Januari ikifika, mama huyo atakuja uwanjani, mwanawe yuko mgongoni ingawa ana miaka minane, naye atasimama nyuma ya wengine wote. Mwalimu anayeandikisha ainuke, amwendee huko huko aliko, na amwulize jina la mtoto.